Nyonga ya mzee isivunjike: mwongozo wa vitamini D, miguu na njia ya chooni

Mzee akivunjika nyonga, watu wa nyumbani huuliza kwanza ameangukia wapi. Jibu halibadiliki sana: kati ya kitanda na choo, usiku au alfajiri, sakafu ina maji. Swali lisiloulizwa ni mzee huyo alikuwa anashindaje mchana. Ukifuatilia, mara nyingi utakuta miezi, pengine miaka, ya kukaa ndani. Amewekewa godoro zuri, televisheni, na dada wa kazi wa kumletea chai. Kila akitaka kunyanyuka anaambiwa, "Kaa tu mama, tutakuletea." Yote yamefanywa kwa mapenzi. Lakini mwili unaokaa hivyo haupati jua, vitamini D inapungua, na misuli ya mapaja inayeyuka kidogo kidogo. Mfupa unadhoofika, na mguu ambao ungemzuia asianguke unadhoofika pamoja nao.

Mwongozo huu ni wa yule anayemtunza mzazi, bibi au babu, awe anaishi naye nyumba moja au anasimamia mambo kwa simu kutoka ng'ambo. Nasisitiza jambo moja tangu mwanzo: vitamini D hujaza upungufu, lakini haimshiki mtu mkono asianguke. Zaidi ya asilimia 90 ya nyonga za wazee huvunjika kwa kuanguka, hasa kuanguka kwa ubavu. Ukinunua vidonge ukaacha miguu na sakafu vilivyo, umefanya sehemu ndogo ya kazi.

Kidonge kina mipaka yake

Mwaka 1992 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walichapisha matokeo ya wanawake 3,270 waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 84. Kundi moja lilipewa kila siku yuniti 800 za vitamini D3 pamoja na gramu 1.2 za kalsiamu, kundi la pili likapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya miezi 18, kuvunjika nyonga kulikuwa pungufu kwa asilimia 43 katika kundi lililopata dawa. Habari hiyo ilienea, na tangu hapo vidonge vimeuzwa kama kinga ya mifupa ya kila mtu.

Miaka 30 baadaye, mwaka 2022, yakaja matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wenye watu 25,871, wanaume kuanzia miaka 50 na wanawake kuanzia miaka 55. Waliopata vitamini D walimeza yuniti 2,000 kwa siku kwa takriban miaka mitano. Mifupa iliyovunjika haikupungua, ya nyonga wala ya kwingineko.

Tafiti hizi hazigombani. Wale bibi wa Ufaransa walikuwa wazee sana na wengi wao walikuwa na upungufu. Wamarekani wengi walikuwa nayo ya kutosha tangu siku ya kwanza, na mtungi uliojaa hauongezeki maji. Kwa hiyo usianzie dukani. Anza kwa kumjua mzee wako yuko upande gani.

Hatua ya kwanza: mjue mzee wako

Wengi wetu tunaamini upungufu wa vitamini D ni shida ya nchi za baridi, kwa kuwa sisi jua tunalo. Jua lipo kweli, ila linamfikia nani? Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya vitamini D katika damu ya Wamaasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania wanaoishi maisha yao ya asili. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya 50, kiwango ambacho huhesabiwa kuwatosha watu wengi. Ngozi yao ni nyeusi kama yetu. Kinachowatofautisha na bibi aliyehamishiwa kwa mwanawe ghorofa ya nne Kariakoo ni kwamba wao hushinda nje. Na ukitaka kuona upande wa pili, tazama Oman na nchi nyingine za Ghuba: jua ni kali mwaka mzima, na bado upungufu umeenea, hasa kwa wanawake. Joto linawafungia ndani, vazi linafunika mwili, na safari yote ni ndani ya gari. Kioo cha dirisha huzuia ule mwale wa jua unaotengeneza vitamini D, hivyo kukaa dirishani hakusaidii.

Umri nao unachangia. Ngozi ya mtu wa miaka 70 hutengeneza chini ya nusu ya vitamini D ambayo ngozi ya kijana ingetengeneza kwa jua lile lile.

Sasa mwangalie mzee wako. Anatoka nje mchana mara ngapi kwa wiki? Anakula samaki, mayai, maziwa, au anaishi kwa chai ya rangi na mkate? Anatumia dawa za kifafa kama fenitoini au fenobabitoni, au yuko kwenye dozi ya kifua kikuu yenye rifampisini? Dawa hizo huivunja vitamini D haraka mwilini. Predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, ikitumika miezi mingi hudhoofisha mfupa wenyewe. Asiache dawa yoyote kati ya hizo kwa uamuzi wenu wa nyumbani. Mwambieni daktari kwamba mnafikiria mifupa.

Dalili za upungufu mkubwa hufichwa na neno "uzee". Mzee analalamika maumivu ya mifupa yasiyo na mahali maalumu: nyonga, mapaja, mbavu, kiuno. Hawezi kuinuka kwenye kiti cha chini bila kujivuta kwa mikono. Ngazi zinamshinda. Anatembea akiyumba huku na huku. Nyumbani mnasema ni baridi yabisi, mnampaka dawa ya kuchua. Ikiwa mfupa umelainika kwa kukosa vitamini D, kuchua hakutasaidia, ila vitamini na kalsiamu vitasaidia, na nguvu ya miguu hurudi polepole baada ya wiki na miezi. Ni katika magonjwa machache ya uzeeni yanayotibika kwa bei nafuu, na inauma kuona mtu anateseka nayo bila kupimwa.

Kuhusu kipimo cha damu: huitwa 25-hidroksivitamini D. Chini ya nanomoli 30 kwa lita (maabara nyingine huandika nanogramu 12 kwa mililita) ni upungufu halisi. Kuanzia 50, yaani nanogramu 20, wengi wako sawa. Kipimo hiki ni ghali na si kila hospitali inacho. Mwenye dalili nilizotaja, mwenye ugonjwa wa figo, au aliyekwisha kuvunjika mfupa, apimwe. Mzee wa zaidi ya miaka 75 anayeshinda ndani na hana dalili anaweza kuanzishiwa dozi ya kawaida bila kupimwa. Miongozo ya mwaka 2024 ya wataalamu wa homoni wa Marekani inakubali hivyo.

Hatua ya pili: mtoe nje, na isiwe saa moja asubuhi

Tumelelewa tukiambiwa jua la vitamini ni lile la alfajiri likichomoza. Ni jua la kupendeza, lakini kwa vitamini D halina kitu. Jua likiwa chini, mwale unaohitajika hunyonywa na anga kabla ya kutufikia. Tumia kivuli: kikiwa kifupi kuliko urefu wa mwili, jua linafanya kazi. Kikiwa kirefu, mzee anaota joto tu. Kwetu karibu na ikweta, kivuli hufupika kuanzia kama saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kwa mzee, chagua saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu, kabla joto halijawa la kuumiza.

Nusu saa, mara tatu au nne kwa wiki, mikono ikiwa wazi hadi juu ya viwiko na miguu hadi magotini, ni mwanzo mzuri. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu kuliko nyeupe, hivyo dakika tano za kuvuka barabara hazihesabiki. Kichwa na uso vinaweza kufunikwa. Mpe maji ya kunywa, na akisema linamchoma, aingie kivulini.

Kwa bibi anayejisitiri, ua wa nyumba ndio suluhisho. Nyumba nyingi za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zilijengwa na ua wa ndani, na wanawake wakipika, wakisuka ukili na kupeta mchele humo humo bila kuonekana na mpita njia. Nyumba mpya za ukuta na vigae hazina ua, nazo ndizo zimemnyima bibi jua. Kama mna roshani, tundikeni pazia jepesi upande wa jirani na muache upande wa juu wazi.

Jinsi ya kumwita nayo ni kazi. Ukimwambia mtu mzima "nenda ukaote jua" utamfanya ajione mgonjwa, na atakataa. Mwambie, "Bibi, njoo utusaidie kuchambua mchele, sisi tunaacha mawe." Weka kiti cha mgongo uani, ungo mapajani, na nusu saa itakwisha bila mtu kuihesabu. Babu mpe redio, au mwache asimamie mafundi na mifugo. Anayeona anahitajika hutoka mwenyewe kesho yake.

Mzee mwenye ualbino asianikwe juani hata kidogo. Huyo vitamini yake itoke kwenye chakula na kidonge.

Kwa walioko Ulaya na Kanada ya baridi, hatua hii haiwezekani kwa nusu ya mwaka. Uingereza, kuanzia Oktoba hadi Machi jua halipandi vya kutosha, na serikali yao inawashauri watu wote watumie mikrogramu 10 kwa siku miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kutumia mwaka mzima. Ukimchukua mama yako kutoka Mombasa kumleta kwako London mwezi wa Novemba, kidonge kianze wiki hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: sahani

Vitamini D kwenye chakula si nyingi. Iko kwenye samaki wenye mafuta kama vibua na dagaa, kiini cha yai, maini kidogo, na maziwa au mafuta ya kupikia yaliyoongezewa vitamini kiwandani (soma pakiti). Chakula peke yake hakiwezi kumtoa mtu kwenye upungufu.

Kalsiamu ndiyo inayopatikana jikoni kwa wingi, tukitaka. Dagaa huliwa na mifupa yao, na hiyo mifupa ndiyo kalsiamu. Mzee asiye na meno, msagie dagaa wakavu uwe unga, umnyunyizie kwenye mboga. Ulezi, ambao Wakenya huuita wimbi, una kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele kwa mbali: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300, sawa na glasi kubwa ya maziwa. Uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa au kuliwa pamoja na mtindi asubuhi ni dawa tosha kwa nusu ya kwanza ya siku. Sukuma wiki hutoa kalsiamu yake vizuri. Mchicha unayo lakini huing'ang'ania, kwa hiyo usiutegemee kwa hilo. Lengo ni karibu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula chote kikijumlishwa. Ukifika huko kwa chakula, vidonge vya kalsiamu huvihitaji, na ni afadhali, maana huongeza mawe kwenye figo kwa baadhi ya watu na huwafunga choo wengi.

Usisahau kitoweo. Wazee wengi huachiwa mchuzi, nyama wanapewa watoto. Misuli inajengwa na protini: yai, maharage, choroko, samaki, kila mlo kitu kimoja.

Hatua ya nne: dozi ndogo, kila siku

Kwa aliyezidi miaka 70, kipimo cha kawaida ni yuniti 800 kwa siku za vitamini D3. Kwenye kopo yuniti huandikwa IU. Likiandikwa mikrogramu, zidisha kwa 40: mikrogramu 20 ni yuniti 800. Ameze pamoja na mlo mkubwa wa siku, maana vitamini hii huingia mwilini na mafuta.

Aliyepimwa akakutwa na upungufu halisi, daktari anaweza kumwandikia yuniti 50,000 mara moja kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 8, kisha arudi kwenye dozi ndogo ya kila siku. Hapa ndipo makosa ya hatari hutokea. Kidonge cha wiki kinamezwa kila siku kwa sababu kimewekwa na dawa za presha. Au kinagawiwa kwa shangazi ambaye naye magoti yanamuuma. Kiandike siku yake kwa kalamu nene, "IJUMAA TU", na ukiweke mbali na dawa nyingine.

Halafu kuna sanduku kutoka ng'ambo. Watoto walioko Marekani na Uingereza hutuma makopo kwa nia njema, na juu yake pameandikwa 5,000 au 10,000 kwa kidonge kimoja. Bila daktari, yuniti 4,000 kwa siku ndiyo mwisho. Dalili za kuzidisha ni kiu isiyokwisha, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu, na mzee kuanza kuchanganyikiwa. Mwenye mawe ya figo, figo dhaifu, au kifua kikuu kinachoendelea asianze bila kumwona daktari.

Sindano au dozi moja kubwa ya mwaka mzima ikataeni. Ilijaribiwa Australia kwa wanawake 2,256 wenye miaka 70 na zaidi: yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliopewa walianguka zaidi kwa asilimia 15, na wakavunjika mifupa zaidi kwa asilimia 26, kuliko wasiopewa.

Hatua ya tano: miguu

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu katika hizi zote, fanya hii. Mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara hupunguza kuanguka kwa takriban robo kwa wazee wanaoishi nyumbani; jumla hiyo imetoka kwenye tafiti nyingi zilizokusanywa mwaka 2019. Hakuna kidonge kinachofikia hapo.

Anza kwa kupima. Chukua kiti cha mezani, kigumu, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee akae, akunje mikono kifuani, ainuke wima na kukaa tena mara tano, kwa kasi anayoiweza. Wewe simama ubavuni mwake na saa. Ikizidi sekunde 15, miguu yake ni dhaifu. Akishindwa kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, ni dhaifu sana, na hayo ndiyo mazoezi yake ya kuanzia: aweke mto kwenye kiti ili kiwe juu zaidi, ainuke kwa msaada wa mikono, polepole, mara nane hadi kumi, apumzike, arudie. Kila siku. Mto ukizoeleka, uondoe. Mikono ikizoeleka, aikunje. Mtazame anavyokaa: anayejiangusha "pwaa" kwenye kiti hana breki za mapaja. Mfundishe kushuka akihesabu moja hadi nne, maana msuli hujengeka zaidi kwenye kule kushuka taratibu.

Zoezi la pili, ashike meza, ainue visigino abaki kwenye vidole, ashushe. La tatu, bado ameshika meza, aweke unyayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, akae hivyo sekunde kumi, kisha abadili. Akiwa imara, aachie mkono mmoja, baadaye wote, nawe uko karibu. Halafu atembee. Kutembea peke yake, bila haya mengine, hakutoshi kuzuia kuanguka, na mzee anayeyumba akitembezwa barabarani kabla ya kupata nguvu anaweza kuangukia huko huko.

Nimeona familia zikimharakishia babu kiti cha kuswalia mara tu anapoanza kuinuka kwa taabu kutoka sijida. Kama bado anaweza, mwache aswali kwa kusimama, na weka kiti imara karibu yake ashike anaponyanyuka. Kurukuu, kusujudu na kuinuka mara tano kwa siku ni mazoezi ambayo mtaalamu wa fiziotherapia angeyaagiza. Siku akishindwa kweli, kiti kipo.

Mkongojo uwe na urefu unaofika kwenye kifundo cha mkono, mikono ikining'inia. Aushike mkono ulio kinyume na mguu mbovu. Ncha iwe na mpira, na mpira ukilika ubadilishwe.

Hatua ya sita: njia ya chooni

Ipite njia hiyo mwenyewe, usiku, taa zimezimwa, ukiwa pekupeku. Utagundua mengi. Kizingiti cha mlango kimeinuka. Waya wa feni umekatiza. Mkeka umejikunja pembeni. Ndoo ya maji imewekwa pale pale mzee anapokanyaga, na kuizunguka sakafu imelowa tangu magharibi.

Mikeka na mazulia madogo yatolewe njiani, yasibandikwe, yatolewe. Kizingiti kipakwe rangi nyeupe kama hakiwezi kubomolewa. Sakafu ya choo ikaushwe kila baada ya kuoga, iwe kazi ya mtu mwenye jina, maana kazi ya wote haifanywi. Vigae vinavyong'aa ni hatari kuliko saruji ya kawaida. Msipige vigae vipya kwenye choo cha mzee kwa ajili ya urembo. Ukutani fundi aweke bomba la kushikia, aliloegemea yeye mwenyewe kwa uzito wake wote mkaona halitoki. Kitundikio cha taulo hakishiki mtu.

Choo cha kuchuchumaa ni kigumu kwa nyonga na magoti dhaifu. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kinachowekwa juu yake. Kwa usiku, ndoo yenye mfuniko chumbani haina aibu yoyote kama mtaizungumza kwa heshima, na aulizwe na mtu anayestahili kumuuliza. Kwa kawaida si mkwewe.

Nguo nazo. Kanga ya kulalia iliyofungwa legelege hushuka, pindo likaingia chini ya unyayo, na bibi akaanguka akiwa ameshika tochi mkono mmoja na kanga mkono mwingine, hana mkono wa kujizuia. Dera lipunguzwe liishie juu ya kifundo cha mguu. Kandambili zilizolika soli zitupwe leo; mpe ndara zenye mkanda wa nyuma. Taa ndogo ya sola au ya betri inayowaka usiku kucha ni bora kuliko tochi, kwa sababu inaacha mikono miwili huru na haijali umeme kukatika.

Na akiamka, akae ukingoni mwa kitanda achezeshe miguu kwanza, ahesabu hadi ishirini, ndipo asimame. Damu ya mzee huchelewa kupanda kichwani.

Hatua ya saba: dawa na macho

Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za dukani, umwonyeshe daktari. Dawa za usingizi kama diazepamu, dawa kali za presha, na za kukojosha zinazomezwa jioni huangusha wazee. Mwombe ampime presha akiwa amelala, kisha dakika moja na tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zinahitaji kupangwa upya.

Mtoto wa jicho uondolewe mapema. Utafiti wa Nottingham, Uingereza, wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba upasuaji wa jicho la kwanza ulipunguza kuanguka kwa theluthi moja.

Akianguka

Ukimkuta chini, usimnyanyue kwa haraka kumficha aibu. Tazama miguu. Nyonga ikivunjika, mara nyingi mguu mmoja huonekana mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umegeukia nje. Maumivu huwa kwenye kinena. Wapo ambao mfupa umevunjika ukajibana, na hao huweza hata kuchechemea siku mbili tatu. Mzee aliyeanguka akawa anashindwa kukanyaga, au anaumwa kinena, apigwe eksirei. Ikionyesha hakuna kitu na bado hawezi kukanyaga, ipigwe tena baada ya siku chache, au aombewe kipimo kikubwa zaidi.

Asikandwe kwa maji ya moto, asivutwe, asipelekwe kwa mganga wa kuunga mifupa. Ninawaheshimu wazee hao, na mkono uliovunjika huenda ukaunga mikononi mwao. Shingo ya mfupa wa paja ni jambo jingine: damu inayoilisha hukatika kirahisi, na kila siku inayopita inamweka mgonjwa kitandani akisubiri nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda miguuni. Hata katika nchi tajiri, kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu hufariki ndani ya mwaka. Mweke mto katikati ya mapaja, mfunge miguu pamoja kwa kanga bila kukaza, mbebeni watu wanne juu ya ubao au mlango hadi kwenye gari.

Hospitalini ulizeni mambo manne. Atafanyiwa upasuaji lini? Inayotakiwa ni ndani ya saa 36 hadi 48, na hospitali kubwa kama MOI pale Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando Mwanza zina wapasuaji wa mifupa. Kama jibu ni kuvutwa mguu kwa uzito wiki sita au zaidi, ulizeni sababu, na ulizeni rufaa. Pili, vyuma vitagharimu kiasi gani na nani ananunua. Tanzania, sera ya wazee inataka wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure katika hospitali za serikali, kwa hiyo nendeni na kitambulisho. Tatu, atasimamishwa lini? Inafaa iwe kesho yake baada ya upasuaji. Familia inayomwonea huruma ikamlaza wiki mbili humwongezea hatari.

La nne linasahaulika karibu kila mahali: dawa ya mfupa. Aliyevunjika nyonga moja yuko hatarini kuvunjika ya pili. Asidi ya zoledroniki, dripu moja kwa mwaka inayotolewa ndani ya miezi mitatu baada ya upasuaji, ilipunguza mifupa mipya kuvunjika kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 28 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Lakini mwenye upungufu wa vitamini D akipewa dripu hiyo, kalsiamu ya damu huweza kushuka ghafla: midomo na vidole hufa ganzi, misuli hukakamaa. Kwa hiyo vitamini D ijazwe kwanza, figo zipimwe, ndipo dripu. Isipopatikana, kuna vidonge vya alendroneti vya mara moja kwa wiki. Avimeze asubuhi akiamka, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha akae wima nusu saa bila kulala wala kunywa chai, kwa sababu kidonge kikikwama kooni kinachoma. Ombeni cheti cha dawa hiyo kabla ya kutia saini fomu ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.